Picha Haiyumbi: Rangi za Chatu na Afya Isiyoonekana

Siku hizi si ajabu mtu aliyeketi Kariakoo, Kisumu au Goma kufungua simu yake na kukutana na nyoka ambaye hajapata kumwona maishani: chatu mweupe kama maziwa mwenye macho mekundu, chatu wa manjano kama ndizi mbivu, au chatu mwenye mabaka meupe katikati ya mwili kana kwamba mchoraji aliishiwa na rangi kabla ya kumaliza kazi. Wengi hushtuka, baadhi hutabasamu, na wengine hudhani kwamba picha imechezewa. Mara nyingi haikuchezewa. Nyoka hao wapo. Wamezalishwa kwa makusudi na wafugaji wa Marekani, Ulaya na kwingineko, ambao kwao nyoka ni mnyama wa kufugwa nyumbani kama paka alivyo kwetu, na rangi adimu ni mali.

Huenda msomaji akauliza jambo hili linaingiaje katika jarida la afya. Hoja ya makala haya ni moja. Picha huonyesha rangi ya kiumbe, lakini haionyeshi afya yake. Na yeyote anayechagua, anayezalisha, anayenunua au anayesifu kiumbe kwa rangi yake anawajibika pia kuuliza rangi hiyo imekuja pamoja na nini. Swali hilo linamhusu mfugaji wa chatu. Linamhusu vilevile muuguzi anayempokea mtoto mwenye ngozi, nywele au macho yasiyo ya kawaida, na mzazi aliyembeba mtoto huyo.

Chatu wa kifalme na safari yake

Nyoka anayepigwa picha nyingi kuliko wengine katika ufugaji huu ni chatu mdogo wa Afrika ambaye jina lake la kisayansi ni Python regius, maana yake chatu wa kifalme. Makao yake ya asili yanaanzia Senegali, yanapita Ghana, Togo na Benin, na kufika hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda. Si chatu yule mkubwa wa mapori yetu anayeweza kummeza swala. Huyu kwa kawaida hana urefu unaozidi mita moja na nusu, hana sumu, na anapoogopa hajaribu kushambulia, bali hujikunja akawa kama mpira na kukificha kichwa chake katikati ya mikunjo. Jike hutaga mayai machache, mara nyingi kati ya matatu na kumi na moja, kisha huyazungushia mwili wake kwa takriban miezi miwili hadi yaanguliwe. Akitunzwa vyema, huishi miaka 20, na wengine hufikia 30.

Katika mji wa Ouidah nchini Benin, chatu huyu anaheshimiwa. Lipo hekalu la chatu, na nyoka akiingia katika nyumba ya mtu hubebwa kwa upole na kurudishwa. Hata hivyo, nchi hizohizo za Afrika Magharibi ndizo zilizouza nje chatu hawa kwa mamilioni tangu miaka ya 1970, wengi wao wakielekea Marekani na Ulaya. Biashara hiyo sasa inasimamiwa chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Wanyama na Mimea iliyo Hatarini Kutoweka, ambapo chatu huyu yumo katika Jedwali la Pili.

Kati ya nyoka wengi waliosafirishwa, wachache sana walizaliwa porini wakiwa na rangi isiyo ya kawaida. Porini, nyoka mweupe hana maisha marefu, kwa kuwa mwewe humwona mapema. Mikononi mwa mfugaji, nyoka huyohuyo ni hazina. Mwaka 1992 mfugaji Mmarekani Bob Clark alifanikiwa kuzalisha albino wa aina hii ya chatu katika kizimba, na hapo ikadhihirika kwamba rangi hiyo hurithiwa kwa utaratibu unaoweza kutabirika. Tangu wakati huo aina za rangi zimeongezeka mno, kwa kuwa wafugaji huchanganya aina moja na nyingine na kupata ya tatu, kisha ya nne. Aina mpya ilipotokea kwa mara ya kwanza, bei ya nyoka mmoja iliweza kufikia maelfu ya dola. Wengine walipozalisha wa kwao, bei ilishuka, na mfugaji akalazimika kutafuta mpya zaidi.

Kazi ya mzalishaji na kazi ya mpiga picha

Tuwatendee haki wafugaji hawa. Wengi wao wanaifahamu elimu ya urithi kwa vitendo kuliko baadhi yetu tuliofaulu mtihani wake. Wanajua kwamba ualbino wa chatu hutokana na jeni fiche: nyoka akirithi nakala moja tu, rangi yake hubaki ya kawaida, lakini anaibeba, wabebaji wawili wakizaa, kila yai lina uwezekano wa robo kutoa mtoto asiye na rangi. Wanajua pia kwamba zipo jeni tawala, ambazo nakala moja kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kujionyesha, na kwamba mzazi wa namna hiyo akipandishwa na nyoka wa kawaida, takriban nusu ya watoto huirithi. Wanaandika kumbukumbu za kila jozi, kila yai na kila mtoto. Laiti baadhi ya vituo vyetu vya afya vingekuwa na madaftari yaliyotunzwa hivyo.

Mpiga picha naye ana ustadi wake. Hampigi picha nyoka anayekaribia kujivua gamba, kwa kuwa siku hizo macho huingia ukungu wa samawati na rangi hufifia. Husubiri gamba livuliwe, ngozi ing'ae upya. Huandaa kitambaa cheusi au cheupe kisicho na mikunjo, na taa zilizofunikwa ili mwanga uwe laini na usiakisiwe na magamba. Nyoka akikataa kutulia, humfunika kwa bakuli kwa dakika chache. Likiinuliwa, humkuta amejikunja vizuri, naye hupiga picha kabla hajaanza kutembea. Matokeo hupendeza kweli. Hiyo ndiyo picha inayoingia sokoni, ndiyo inayomfikia mnunuzi aliye mbali, na mara nyingi ndiyo inayofunga biashara.

Lakini zingatia, msomaji, kwamba ustadi wote huo unalenga kumsimamisha nyoka. Picha hupigwa katika sehemu ndogo ya sekunde ambayo mnyama hatembei. Kama ugonjwa wake ni wa kutembea, picha haiwezi kuusema. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hapa mkakasi ni picha, na ndani yake yupo kiumbe anayeyumba.

Buibui asiyejua juu ni wapi

Aina moja ya rangi iliyopata umaarufu mkubwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 huitwa na wafugaji kwa jina la buibui, kwa sababu mistari yake meusi ni myembamba na imetanda juu ya ngozi ya kahawia ya dhahabu kama utando. Jeni yake ni tawala, hivyo ilienea haraka, na ikachanganywa na rangi nyingine nyingi. Wapo wanaomwona kuwa miongoni mwa chatu wazuri kuliko wote.

Nyoka huyu ana kasoro. Kichwa chake hutikisika. Anapotaka kushika windo, hulenga na kukosa. Wengine hukizungusha kichwa kama mtu anayekaza parafujo, wengine hulala wakiwa wamegeuza kidevu juu, na akigeuzwa chali hushindwa kujirudisha upesi kama nyoka mwingine. Kiwango hutofautiana kutoka nyoka mmoja hadi mwingine, na msukosuko wa mazingira huzidisha hali hiyo. Mwaka 2014, Mark Rose na David Williams waliandika katika jarida la tiba ya wanyama kuhusu kasoro hii ya mfumo wa fahamu na athari zake kwa ustawi wa mnyama. Mwaka 2022, watafiti walioongozwa na Matthias Starck walichunguza vichwa vya chatu hawa kwa picha za mionzi zenye uwezo wa kuonyesha viungo vidogo sana, wakakuta kwamba sikio la ndani lina maumbile yasiyo sahihi: mifereji ya nusu duara imeharibika umbo, na kifuko kinachohisi mvutano wa ardhi ni kidogo na kimepinda.

Mhudumu wa afya anaelewa mara moja maana ya maneno hayo. Mifereji ile na vifuko vile ndivyo vinavyomwambia kiumbe chenye uti wa mgongo kichwa chake kimeelekea wapi, juu ni wapi na chini ni wapi. Kila mmoja wetu amewahi kumhudumia mgonjwa mwenye kizunguzungu cha sikio: hushikilia kitanda kwa mikono miwili, hufumba macho, hutapika, na huomba asiguswe. Sitadai kwamba chatu huhisi kama anavyohisi mgonjwa huyo. Ninachosema ni kwamba kiungo kilichoharibika ni kilekile, kinachofanya kazi ileile, na kwamba nyoka huyu alizaliwa hivyo kwa sababu mtu aliipenda rangi yake.

Watetezi wa aina hii wana majibu, na si haki kuyapuuza. Husema kwamba nyoka hawa hula, hukua, huzaa, na huishi miaka mingi. Kwamba wengi wao hutikisika kidogo tu. Na kwamba mfugaji mwangalifu asiyewasumbua huwaona wametulia. Huenda ni kweli. Lakini kula, kukua na kuzaa si kipimo cha afya. Tungekuwa na wagonjwa wachache sana wodini kama kila anayekula na kuzaa angehesabiwa kuwa mzima. Aidha, nyoka anayefugwa katika sanduku dogo, akiletewa panya aliyekwisha kufa mbele ya mdomo wake, hadaiwi mengi na sikio lake. Mazingira yamepunguzwa hadi yakalingana na ulemavu, kisha ukimya wake ukasomwa kama ushahidi wa uzima.

Lipo jambo jingine linaloifanya hoja ya watetezi hao kuwa dhaifu zaidi. Jeni fiche ni vigumu kuiondoa katika kizazi, kwa kuwa wabebaji hawajulikani kwa kutazamwa. Jeni tawala ni kinyume chake: kwa kawaida aliye nayo anaonekana. Kama wafugaji wote wangeacha kuwapandisha chatu wa aina ya buibui, kizazi kijacho cha aina hiyo kisingekuwapo. Hakuna dawa ya kutafutwa, hakuna upasuaji, hakuna gharama isipokuwa kuacha. Ni nadra sana katika tiba kupata ugonjwa unaoweza kukomeshwa kwa kuacha tu jambo fulani. Nchini Uingereza, chama kimoja cha wafugaji wa wanyama watambaao tayari kimekataza aina hii kuuzwa katika maonyesho yake. Wafugaji wenyewe ndio walioamua, na hilo ni jambo la kupongezwa.

Kwa nini rangi na sikio?

Msomaji atauliza: rangi ya ngozi inahusiana nini na sikio? Kwa binadamu na wanyama wengi, seli zitengenezazo rangi hazizaliwi pale tunapoziona. Katika siku za mwanzo za kijusi, kundi la seli huanzia kandokando ya mahali utakapokuwa uti wa mgongo, kisha husafiri. Baadhi huishia kwenye ngozi na kuwa seli za rangi; nyingine huwa sehemu za neva, za mifupa ya uso, na za utumbo. Seli chache za rangi huishia katika sikio la ndani, na huko kazi yake si kupamba: husaidia kudumisha kimiminika ambacho bila hicho sikio halisikii. Kwa hiyo jeni inayovuruga safari hiyo yaweza kuonekana kwenye ngozi huku madhara yake makubwa yakiwa mahali pengine.

Charles Darwin aliligusa jambo hili mwaka 1859, alipotaja uhusiano kati ya macho ya samawati na uziwi kwa paka. Mwaka 1951 daktari wa macho wa Uholanzi, Petrus Johannes Waardenburg, alieleza hali ya binadamu ambayo leo inaitwa kwa jina lake: mtoto huweza kuwa na shungi la nywele nyeupe juu ya paji la uso, au macho ya samawati iliyokolea, au jicho moja tofauti na jingine, na baadhi ya watoto hao huzaliwa bila kusikia. Watoto wa namna hii wapo hata Afrika Mashariki. Picha zao husambaa mitandaoni kwa sifa nyingi za macho mazuri, na mara chache sana mtu huuliza kama mtoto huyo anasikia anapoitwa.

Mfano wa tatu unatoka kwa mjusi anayefugwa na watu haohao wanaofuga chatu. Aina moja ya mjusi wa madoa kama chui ilizalishwa kwa ajili ya weupe wake unaong'aa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha matokeo yaliyoihusisha rangi hiyo na sehemu ya vinasaba yenye jeni iitwayo SPINT1, na wakaeleza kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mijusi hao huota uvimbe wa seli za rangi nyeupe. Weupe uliosifiwa na uvimbe unaoua vilikuwa jambo moja.

Si kila rangi ni ugonjwa

Hapa nahitaji kuweka mpaka, maana mtu mwenye haraka ataondoka akidhani kwamba kila kiumbe chenye rangi tofauti ni mgonjwa. Sivyo. Chatu wengi wa rangi adimu hawana tatizo lolote linalofahamika. Walimu na wanafunzi wa Eastern Michigan University waliwaomba wafugaji wawatumie magamba waliyojivua nyoka wao, wakachunguza vinasaba vilivyomo, na mwaka 2022 wakachapisha walichokipata. Chatu albino wa kawaida ana hitilafu katika jeni iitwayo TYR; albino mwenye rangi ya urujuani mwepesi, katika jeni iitwayo OCA2; na aina ya tatu, ya rangi ya karameli, katika jeni iitwayo TYRP1. Wafugaji walitoa magamba ambayo kwa kawaida hutupwa, na sayansi ikapata jibu bila nyoka hata mmoja kudhuriwa.

Majina hayo matatu si mageni kwa daktari wa ngozi. Ndizo jeni zinazohusika na aina tatu za ualbino wa binadamu, na ile ya OCA2 ndiyo inayoongoza katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Nchini Tanzania hukadiriwa kwamba takriban mtu mmoja kati ya watu 1,400 ana ualbino, wakati Ulaya na Marekani ya Kaskazini hukadiriwa mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Binadamu na nyoka walitengana katika ukoo wa viumbe zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, lakini njia ya kutengeneza melanini imebaki ileile. Ukweli huu ungetosha kuzima uvumi wote wa laana, mikosi na mizimu. Ualbino ni kazi moja ya kikemia isiyokamilika, inayorithiwa kimyakimya kutoka kwa wazazi wote wawili, na hakuna mama wa kulaumiwa.

Nalitaja jambo hili kwa uangalifu, kwa kuwa watu wenye ualbino wamechoka kufananishwa na vitu. Simfananishi mtu na nyoka, nafananisha jeni. Nyoka alizalishwa kwa ajili ya rangi yake na kupewa bei. Binadamu hazalishwi, wala hana bei. Nchi zetu zinajua vyema kinachotokea pale mtu anapoitia bei rangi ya binadamu: mashambulizi na mauaji ya watu wenye ualbino yaliyolitia doa eneo letu yalianzia hapo, katika imani kwamba mwili wa rangi fulani una thamani sokoni. Atakayeelewa kwa nini hilo ni uovu anapaswa kuwa mwepesi kuelewa kwamba kiumbe chochote kilicho hai ni zaidi ya ngozi yake.

Linalotuhusu kliniki

Kwa wahudumu wa afya, fundisho la chatu ni kwamba rangi ni mlango tu. Ukifika mlangoni, ingia ndani. Mtoto mwenye shungi jeupe au macho ya rangi mbili apelekwe kwenye kipimo cha usikivu mapema, kabla hajafikia umri wa kujifunza maneno, kwa kuwa mtoto asiyesikia akigunduliwa akiwa na miaka mitano amekwisha kupoteza miaka ya lugha ambayo hairudi. Mtoto mwenye ualbino kwa kawaida husikia vizuri. Tatizo lake liko machoni na kwenye ngozi. Macho yake huchezacheza, na uoni wa mbali ni hafifu, hivyo anahitaji kupimwa macho, kukaa mbele darasani na kupata maandishi makubwa. Ngozi yake inahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua tangu utotoni, kwa sababu saratani ya ngozi ndiyo inayokatisha maisha ya wengi wenye ualbino katika bara letu. Mafuta hayo hutengenezwa hata hapa Afrika Mashariki. Kituo cha Moshi kinachotengeneza Kilisun ni mfano unaojulikana. Anayemwambia mama kwamba mtoto wake ni mzuri kisha akamruhusu aende bila kumweleza haya, amefanya kama mnunuzi wa chatu aliyetosheka na picha.

Fundisho la pili linahusu picha zenyewe. Leo tunatumiana picha za wagonjwa kwa simu ili kupata ushauri, na jambo hilo limeokoa maisha. Lakini picha moja tuli ina mipaka ileile iliyo nayo picha ya chatu. Haioneshi mtoto anavyotembea, anavyopumua, anavyofuata sauti kwa macho yake. Kama tatizo ni la mwendo, tuma picha inayotembea, au mlete mgonjwa mwenyewe. Tena, nyoka hana uwezo wa kukataa kupigwa picha, mgonjwa anao. Mtu mwenye mwonekano adimu si maonyesho. Apigwe picha kwa ridhaa yake au ya mzazi wake, kwa sababu ya tiba, na picha isipite mikononi mwa wasiohusika.

Kwa wagonjwa na familia zinazovutiwa na ufugaji huu, ninalo neno la tahadhari. Nyoka, mijusi na kobe, hata wakiwa wazima, huweza kubeba vijidudu vya Salmonella ndani ya utumbo wao. Watoto walio chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee na wenye upungufu wa kinga wasiwashike wala kuwasafishia vizimba, na kila aliyemshika anawe mikono kwa sabuni na maji tiririka. Wala mtu asiende porini kumkamata chatu wetu akidhani kwamba ataanzisha biashara. Wanyamapori wako chini ya sheria, na chatu wetu mkubwa si mnyama wa chumbani.

Tunachopaswa kudai

Sipendekezi kwamba ufugaji wa chatu wa rangi upigwe marufuku, wala kwamba picha zao zifichwe. Anayemtunza nyoka mzima kwa uangalifu hamkosei mtu, na mapenzi yake kwa mnyama anayechukiwa na wengi yana faida: watu waliomzoea nyoka wa nyumbani huacha kuua kila nyoka wanayemwona shambani. Ninachodai ni mambo matatu. Aina ya rangi iliyothibitishwa kuja na ulemavu, kama ile ya buibui, isiendelee kuzalishwa, hata ikipendeza namna gani. Anayeuza nyoka kwa picha aonyeshe pia mwendo wake: akitambaa, akigeuka, akila. Na sisi tunaozipokea picha hizo katika simu zetu, kabla ya kusifu na kuwapelekea wenzetu, tujiulize kiumbe huyu anaishije pindi taa zinapozimwa.

Swali hilo la tatu ndilo lililo mikononi mwetu zaidi, kwa kuwa soko la rangi huishi kwa sifa. Mfugaji huzalisha kinachosifiwa. Sifa zikielekezwa kwenye uzima, na soko litaelekea huko. Wataalamu wa afya tumefundishwa kutazama kwa namna ambayo wengine hawakufundishwa, na elimu hiyo haiishii kwenye geti la hospitali. Tukiona rangi ya ajabu, juu ya nyoka au juu ya mtoto, tuistaajabie kwa haki yake, kisha tuulize kuhusu sikio, jicho na mwendo.